Ultrasaundi ya Mwezi wa Tano: Maji ni Jambo Dogo

Nje ya chumba cha ultrasaundi, iwe Temeke au Likoni, maongezi ya kwenye benchi hayabadiliki. Ninywe maji kiasi gani? Nije bila kula? Wataniambia ni wa kike au wa kiume? Kila mmoja ana jibu lake, na mwenye uhakika kuliko wote ni yule aliyekwisha kunywa chupa ya lita moja na nusu na sasa hawezi kukaa wala kusimama. Swali atakaloulizwa kwanza akiingia ndani halimo kabisa katika maongezi hayo: hedhi yako ya mwisho ilianza tarehe ngapi?

Kipimo cha katikati ya ujauzito hakimdai mama maandalizi makubwa ya mwili. Kinamdai taarifa: tarehe zake, kadi yake ya kliniki, historia ya uzazi wake, na mambo anayotaka kuelezwa kabla hajashuka kitandani. Aliyejaza kibofu lakini kadi ameiacha nyumbani amejiandaa kwa jambo dogo na kuliacha kubwa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa huduma za wajawazito wa mwaka 2016, lilipendekeza kila mjamzito apigwe ultrasaundi angalau moja kabla ya wiki ya 24. Lengo ni kukadiria umri wa mimba, kugundua mapacha na kasoro za maumbile, na kupunguza idadi ya wanaoanzishiwa uchungu kwa sababu tu mimba imedhaniwa kuwa imepitiliza. Kwa kipimo cha kuangalia maumbile ya mtoto, wiki ya 18 hadi ya 22 ndizo zinazofaa zaidi, ingawa wataalamu huendelea kukifanya hadi ya 24. Mapema kuliko hapo moyo unakuwa mdogo mno kuchunguzika vizuri. Baadaye mtoto anabanwa na nafasi, mifupa inakomaa na kuanza kuficha kilicho nyuma yake. Kwenye wiki ya 20 ana urefu wa sentimita 25 hivi kutoka utosini hadi kisiginoni, uzito wake umepita kidogo gramu 300, na maji yanayomzunguka yanatosha kumfanya aonekane kila upande.

Aliyechelewa hadi mwezi wa saba asiseme basi tena. Aende. Ataona pungufu ya mwenzake wa mwezi wa tano, lakini kondo la nyuma, kiasi cha maji na idadi ya watoto bado vitaonekana.

Tarehe kwanza

Umri wa mimba hauhesabiwi tangu siku ya kutungwa. Unahesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na hapo ndipo wengi hupishana na mkunga kwa wiki mbili nzima. Mama ambaye hedhi yake ya mwisho ilianza tarehe 3 Machi anatimiza wiki 18 tarehe 7 Julai, wiki 20 tarehe 21 Julai na wiki 22 tarehe 4 Agosti. Kipimo chake kinafaa kuangukia kati ya 7 Julai na 4 Agosti, na siku yake ya matarajio, baada ya siku 280, ni 8 Desemba. Hesabu hii ifanyike nyumbani kwa kalenda, kabla ya kupanga siku ya kwenda. Akisubiri kuambiwa "rudi mwezi ujao" anaweza kujikuta kwenye wiki ya 26.

Wapo wasiojua tarehe, tena si kwa uzembe. Aliyekuwa akitumia sindano ya miezi mitatu anaweza kukaa muda mrefu bila kuona siku zake, kisha akashika mimba hedhi ikiwa bado haijarudi. Anayenyonyesha vivyo hivyo. Mwingine aliona damu kidogo mwanzoni mwa mimba akaihesabu kuwa hedhi. Hao waseme hivyo waziwazi, wasitunge tarehe ya kumridhisha mtu wa mapokezi. Na aliyesahau tarehe anaweza kukumbuka tukio: ilikuwa wiki ya Idi, au shule zilikuwa zimefungwa, au ndiyo siku ya harusi ya shemeji. Mkunga mzoefu ataifikia tarehe kwa njia hiyo.

Kuna jambo linalowachanganya wajawazito wengi wa mjini, ambao hufika miezi ya mwisho wakiwa na karatasi tatu za ultrasaundi zenye tarehe tatu tofauti za kujifungua. Karatasi ya kuaminiwa ni ya kwanza kabisa. Ultrasaundi ya kabla ya wiki ya tisa hukosea kwa siku tano hivi, ya kwenye wiki ya 18 au 20 kwa siku kumi, na ya baada ya wiki ya 28 inaweza kupishana na ukweli kwa wiki tatu, kwa sababu kadiri watoto wanavyokua ndivyo wanavyotofautiana ukubwa. Tarehe iliyokwisha kuthibitishwa mapema haisogezwi kila kipimo kinapofanyika. Mama aliyepigwa picha kwenye wiki ya nane aende na karatasi ile kwenye kipimo cha mwezi wa tano na aitoe bila kuombwa. Bila karatasi hiyo, mtoto mwenye umbo dogo anaweza kuonekana kama wa mimba changa, na tatizo la ukuaji likapita bila mtu kulishtukia.

Ni ultrasaundi gani hasa?

Hapa ndipo fedha na muda hupotea. Ultrasaundi ya kawaida ya ujauzito huchukua dakika chache: mapigo ya moyo, idadi ya watoto, kondo la nyuma, maji, umri. Kipimo cha maumbile ni kazi nyingine. Mtaalamu anampitia mtoto kiungo kwa kiungo, kuanzia fuvu hadi nyayo, na kwa kawaida anahitaji nusu saa au zaidi. Mapokezini wengi hukiita anomali skani, na ndivyo kinavyoandikwa kwenye fomu ya daktari. Mama asipokitaja anaweza kupewa kile cha dakika tano, akalipa, akarudi nyumbani akiamini kwamba mtoto amechunguzwa mwili mzima.

Kwa hiyo kabla ya siku yenyewe apige simu, au amtume mtu, aulize. Je, kipimo cha maumbile kinafanyika hapo? Anayekifanya ni nani, na yupo siku zipi? Bei ni ipi, na bima, iwe NHIF ya Tanzania au SHA ya Kenya, inalipia kipimo hicho au ultrasaundi ya kawaida tu? Bei hutofautiana sana kati ya hospitali ya serikali, ya misheni na kliniki binafsi, na kliniki yenye kibao kikubwa zaidi barabarani si lazima iwe na mtaalamu bora. Mashine nzuri mikononi mwa asiyezoea moyo wa mtoto haimsaidii mtu. Mwandishi wa makala haya angechagua mtaalamu mzoefu mwenye mashine ya kawaida kuliko picha za rangi za sura ya mtoto, ambazo ni nzuri kwa albamu lakini hazimwongezei mama usalama wowote.

Siku hizi kuna pia vifaa vidogo vinavyochomekwa kwenye simu, na huko Kenya wakunga wamefundishwa kuvitumia vituoni. Vinasaidia kweli mahali ambako zamani hapakuwa na chochote: kujua kama moyo unapiga, kama ni mapacha, kama kondo liko chini. Kuchunguza vyumba vya moyo au uti wa mgongo ni kazi ya chumba kingine.

Anayetaka kupimwa na mwanamke aseme anapoweka miadi. Ombi hilo ni la kawaida Unguja na Mombasa, na ni rahisi kulitimiza likijulikana mapema kuliko mama akiwa amekwisha kulala kitandani.

Asubuhi ya siku yenyewe

Ale. Kufunga kula ni kwa wanaopimwa nyongo na ini, nao huchanganywa na wajawazito kwa sababu wote hukaa foleni moja. Mjamzito anayeshinda na njaa hadi saa saba mchana atapata kizunguzungu akiwa amelala chali, na hakuna picha iliyoboreka kwa ajili hiyo. Soda ya kumchangamsha mtoto nayo ni imani zaidi kuliko tiba. Kutembea kidogo kunatosha.

Sasa maji. Mimba ikiwa changa kibofu kilichojaa husaidia, kwa sababu huuinua mfuko wa uzazi na kuupitisha mwangwi. Mwezi wa tano mtoto anaelea kwenye maji yake mwenyewe na mfuko umekwisha kupanda juu ya nyonga. Glasi moja au mbili saa moja kabla zinatosha, pale kituo kinapotaka. Kibofu kilichojaa kupita kiasi kinaleta shida nyingine: hukandamiza sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, na kondo la nyuma lililo mahali pake likaonekana kana kwamba limeziba mlango wa kizazi. Kuna wanaoambiwa kondo liko chini, wakaenda haja ndogo, wakapimwa tena, na kondo likawa liko juu. Mama akiambiwa habari hiyo huku kibofu kimembana, ana haki ya kuomba aende chooni kwanza.

Nguo ziwe za vipande viwili. Dera ni vazi zuri la mjamzito kwa siku zote isipokuwa hii, kwa sababu ili tumbo lionekane lazima lipandishwe kutoka miguuni hadi kifuani. Blauzi na sketi, au suruali yenye lastiki, vinarahisisha. Na khanga moja ya kujifunika miguu iwemo kwenye mkoba, maana shuka za hospitali hazitoshi kila siku. Aliyevaa shanga kiunoni hana haja ya kuzikata wala kuona haya. Zitasogezwa tu, na mtaalamu amekwisha kuziona nyingi. Kitambaa kidogo au tishu za kufutia jeli ni vyema ziwe zake.

Mkobani kwanza kabisa iwemo kadi ya kliniki, au kile kijitabu cha mama na mtoto kwa walio Kenya. Karatasi za ultrasaundi zilizotangulia. Fomu ya daktari. Kitambulisho cha bima. Fedha zaidi kidogo ya bei iliyotajwa kwenye simu.

Na kichwani iwemo historia. Mtaalamu anatafuta kwa bidii zaidi pale alipoelekezwa, hivyo mama aseme kama aliwahi kujifungua kwa upasuaji, kama ana kisukari, kama anatumia dawa za kifafa. Dawa inayoitwa valproate, kwa mfano, huongeza uwezekano wa mtoto kuwa na mgongo wazi, na anayeitumia anahitaji uchunguzi wa makini wa uti wa mgongo (lakini asiiache ghafla bila daktari, degedege lina hatari yake). Aseme kama aliwahi kuzaa mtoto mwenye kichwa kikubwa, mdomo wazi, tatizo la moyo, au mtoto aliyefariki bila sababu kujulikana. Haya ni mambo mazito kuyatamka kwenye dirisha la mapokezi watu wakisikiliza. Yasisemwe pale. Yasemwe ndani, mlango ukifungwa, kabla jeli haijapakwa.

Nani aandamane naye? Mtu mzima mmoja, anayeweza kusikiliza na kukumbuka. Mume akipatikana ni bora, kwa kuwa ikihitajika rufaa au fedha uamuzi hautasubiri kusimuliwa jioni. Watoto wabaki nyumbani, maana nusu saa ya giza ni ndefu kwa mtoto wa miaka mitatu.

Kitandani

Sauti ndiyo inayofanya kazi. Kifaa anachoshika mtaalamu hutuma mawimbi yenye mitetemo milioni kadhaa kwa sekunde, wakati sikio la binadamu linaishia kwenye 20,000, kisha hupokea mwangwi unaorudi na mashine ikaugeuza picha. Jeli, ambayo mara nyingi ni baridi, kazi yake ni kuondoa hewa kati ya kifaa na ngozi. Mionzi ya eksirei haimo. Chumba hiki mara nyingi kiko kwenye jengo moja na eksirei, na ile alama ya tahadhari kwenye mlango wa jirani huwatia wengine hofu bure. Mbinu hii iliingia rasmi katika tiba ya wanawake mwaka 1958, Ian Donald na wenzake wa Glasgow walipochapisha picha zao katika jarida la Lancet; asili yake ni vifaa vya viwandani vya kutafutia nyufa kwenye chuma. Katika miongo yote hii haijathibitika kwamba ultrasaundi ya uchunguzi imemdhuru mtoto aliye tumboni.

Anachokiona mama kwenye kioo ni ukungu wa kijivu. Mtaalamu anasogeza kifaa kidogo kidogo hadi paja litokee, anaisimamisha picha, anaweka alama ya msalaba kwenye mwanzo wa mfupa na nyingine kwenye mwisho. Mfupa ni kistari cheupe. Pembeni inajitokeza namba: milimita 33, na hiyo ni kawaida kwa wiki ya 20. Anaifuta na kupima upya. Kichwani anazungusha mstari wa nukta kulifuata fuvu. Akifika tumboni anatafuta kidoa cheusi upande wa kushoto. Hilo ni tumbo la chakula, na weusi wake ni maji ambayo mtoto ameyameza. Maana yake koo linapitisha. Kidoa cheusi kingine chini, kati ya nyonga, ni kibofu. Kikionekana kujaa na kupungua, figo zinafanya kazi. Moyoni anahesabu vyumba vinne na kufuata mishipa mikubwa inavyopishana ikitoka, na mapigo yawe kati ya 110 na 160 kwa dakika.

Mgongo huchunguzwa pia kupitia kichwani. Mwaka 1986 Kypros Nicolaides na wenzake wa London walieleza dalili mbili zinazotumika hadi leo: mtoto mwenye mgongo wazi mara nyingi fuvu lake hubonyea mbele likafanana na limau, na ubongo wa nyuma hujipinda kama ndizi. Kidonda chenyewe mgongoni kinaweza kuwa kidogo na kufichwa na mlalo wa mtoto, lakini limau na ndizi huonekana.

Wakati huo wote mtaalamu hasemi. Ukimya huo humtesa mama kuliko jeli baridi, lakini hauna tafsiri yoyote, anahesabu. Mama akiomba mwanzoni aelezwe kila kitu mwishoni, na mtaalamu akakubali, dakika zile zinapita vizuri zaidi.

Mtoto akiwa amelala vibaya, amefunika uso kwa mikono au amegeuza mgongo kabisa, mama ataambiwa ageukie ubavu, atembee nje dakika kumi, au arudi siku nyingine. Kurudishwa kwa sababu hiyo hakumaanishi kuna tatizo. Unene wa tumbo na makovu ya upasuaji pia hufifisha picha. Na pale kondo linapoonekana kuwa karibu na mlango wa kizazi, au mama aliyewahi kuzaa njiti anapotakiwa kupimwa urefu wa mlango huo, hutumika kifaa chembamba cha kuingizwa ukeni kikiwa kimevikwa kondomu. Ni salama kwa mimba. Lazima aelezwe na kukubali kwanza, na anaweza kuomba kukiingiza mwenyewe.

Kuhusu jinsia: kwenye wiki ya 20 huonekana mara nyingi, si kila mara, na makosa hutokea. Asiyetaka kujua aseme anapoingia, kabla kioo hakijawashwa. Aliyesafiri kwenda India kwa matibabu asiulize kabisa. Sheria ya huko ya mwaka 1994 inamkataza daktari kumwambia mzazi jinsia ya mtoto aliye tumboni.

Karatasi na maneno yake

Ripoti huandikwa kwa Kiingereza, nayo ina herufi nyingi kuliko maneno. BPD ni upana wa kichwa, HC ni mzingo wake, AC ni mzingo wa tumbo, FL ni mfupa wa paja. GA ni umri wa mimba, EFW ni uzito uliokadiriwa, EDD ni siku ya matarajio. Vipimo vinne vya kwanza vikitoa umri unaopishana kwa siku kadhaa si jambo la kushtua. Watoto hawafanani, na mkono wa mpimaji nao una mipaka yake. Asikubali kutoka na karatasi aliyosomewa nusu. Mambo manne yaelezwe kwa Kiswahili pale pale: viungo vyote vimeonekana, au kipo ambacho hakikuonekana? Kondo liko wapi? Maji yanatosha? Kipimo kingine kinahitajika, na lini?

Baadhi ya maneno kwenye ripoti huleta usiku wa mawazo bila sababu. Mtoto kutanguliza matako kwenye mwezi wa tano hakumaanishi chochote, kwa sababu bado anajigeuza mara nyingi kwa siku. Kondo kuwa mbele ya mfuko wa uzazi ni kawaida, na ndiyo sababu mama mwingine huchelewa kusikia mateke. Kitovu kuzunguka shingo huwatisha wengi, lakini takriban mtoto mmoja kati ya wanne huzaliwa hivyo na wengi hawana shida yoyote.

Kondo kuwa chini kunahitaji maelezo zaidi. Likiwa pungufu ya milimita 20 kutoka kwenye mlango wa kizazi huandikwa kuwa liko chini, na kipimo hurudiwa kwenye wiki ya 32 hivi. Kwa walio wengi litakuwa limepanda, kwa kuwa sehemu ya chini ya mfuko hutanuka mimba inavyokua. Lakini mama mwenye kovu la upasuaji asitulie kwa kuambiwa "litapanda". Kondo lililokaa juu ya kovu linaweza kuzama ndani ya ukuta wa mfuko wa uzazi, na hapo kujifungua kunahitaji hospitali kubwa, damu ya kutosha na mpasuaji mzoefu. Huyo kipimo cha wiki ya 32 asikikose. Na yeyote atakayetokwa damu, hata tone bila maumivu, aende hospitali siku hiyohiyo, haidhuru ripoti ilisema nini.

Tatizo la maumbile likionekana, hatua ya kwanza ni kuthibitisha kwa mtaalamu wa pili kwenye hospitali ya rufaa: Muhimbili, KCMC, Bugando, Mnazi Mmoja ya Unguja, Kenyatta ya Nairobi. Hatua ya pili ni kupanga mahali pa kuzalia, na hapa ndipo kipimo kinapookoa maisha. Mtoto ambaye utumbo wake uko nje ana saa chache tu za kufikishwa kwa mpasuaji. Akizaliwa kwenye zahanati ya mbali nafasi yake hupungua sana. Mwenye mgongo wazi anahitaji upasuaji siku za mwanzo za maisha, kabla maambukizi hayajaingia. Taasisi ya Mifupa Muhimbili hutibu mgongo wazi na vichwa vikubwa, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete hupasua mioyo ya watoto, CCBRT hushona midomo wazi na kunyoosha nyayo zilizopinda. Kwa Kenya ipo hospitali ya Kijabe, na kwa Uganda ipo ya CURE ya Mbale, inayojulikana kwa vichwa vikubwa.

Ripoti safi nayo isieleweke kupita kipimo chake. Wajawazito wa Uingereza wameelezwa kwa miaka mingi kwamba kipimo hiki hugundua takriban asilimia 98 ya watoto ambao fuvu halikufunga, 90 ya wenye mgongo wazi, 75 ya wenye mdomo wazi, na nusu tu ya wenye kasoro kubwa za moyo. Usonji hauonekani, upofu na uziwi hauonekani, na watoto wengi wenye ugonjwa wa Down hawaonyeshi dalili ya wazi kwenye picha.

Wala mashine peke yake haitoshi. Utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Kongo, Zambia, Pakistani na Guatemala, na kuchapishwa mwaka 2018, ulileta ultrasaundi kwenye vituo vya vijijini na kuwafundisha wahudumu wa huko kupima kati ya wiki ya 16 na 22, kisha kati ya 32 na 36. Ilitarajiwa kina mama wengi zaidi wangehudhuria kliniki na kuzalia hospitali, na vifo vingepungua. Haikuwa hivyo, hakukuwa na tofauti ya maana na vijiji visivyopata mashine. Kumpima mama ni jambo moja. Kumfikisha panapostahili, akakuta mpasuaji na damu, ni jambo lingine, na ndiyo maana swali la "nikapimwe tena wapi, na nitazalia wapi?" lina uzito kuliko picha yenyewe.

Ripoti ikae pamoja na kadi ya kliniki muda wote, si kabatini, kwa sababu mkunga wa zamu ya usiku atakayempokea mwenye uchungu atataka kujua tarehe na mahali pa kondo bila kusubiri mtu arudi nyumbani. Ile picha ndogo inayong'aa imechapishwa kwenye karatasi ya joto, na itafifia ikiachwa juani au karibu na jiko. Ipigwe picha kwa simu siku hiyohiyo, na isipelekwe steshenari kufanyiwa lamineti. Mashine ile ina joto, na karatasi hutoka nyeusi tii.